Kabla Hujanunua Sumu: Mwongozo wa Kumtambua na Kumtoa Mnyama Aliyeingia Darini

Taa zimezimwa, nyumba imetulia, na juu ya dari kitu kinakimbia kutoka pembe hii hadi ile. Asubuhi yake wengi wetu huenda dukani kununua sumu ya panya, au humwita fundi aje azibe matundu. Hatua zote mbili zina mahali pake, lakini zikichukuliwa kabla hujajua aliye juu ni nani, huzaa tatizo kubwa kuliko usingizi uliokatika. Sumu ya panya haimwondoi popo. Tundu likizibwa mchana, popo waliolala ndani hufia humo humo na nyumba haikaliki kwa harufu. Nyuki wakibughudhiwa na mtu asiye na vifaa, mtaa mzima hukimbia.

Ndiyo maana kazi ya dari ina mpangilio wake: tambua, toa, ziba, safisha. Ukiruka hatua moja, utairudia kazi yote.

Sikiliza kwanza

Tega sikio siku mbili tatu, na kila mara uangalie saa. Wakati sauti inapotokea ni dalili kubwa sawa na sauti yenyewe.

- Milio ya ghafla ya "ta! ta!" jua linapopanda au linapozama ni mabati yanayotanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Hapo hakuna mnyama wa kumsaka.
- Mbio za haraka na kutafuna mbao tangu giza linapoingia, zinazonyamaza ukigonga dari kisha zikaanza tena: panya.
- Milio myembamba ya wengi kwa pamoja, hasa alasiri paa linapowaka joto na dakika chache kabla ya magharibi, bila vishindo vya miguu: popo.
- Kishindo cha kitu kizito kinachorukia bati kutoka mtini, kisha hatua: paka, kanu au komba. Komba utamjua pia kwa kilio chake cha usiku, ambacho wasiomzoea hudhani ni mtoto mchanga ametupwa nje.
- Mkoromo mrefu unaorudiwa usiku kucha kutoka sehemu moja: makinda ya bundi.
- Mvumo usiokatika mchana, unaousikia ukiweka sikio ukutani au kwenye dari: nyuki.
- Nyoka hana kelele. Mshuku pale panya waliokuwa wakikusumbua kila usiku wanaponyamaza ghafla bila mtego wala sumu, au unapoona gamba lililovuliwa.

Kisha angalia

Panda darini mchana, ukiwa na mtu wa kukushikia ngazi, tochi, barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu. Kanyaga kenchi tu, kwa kuwa silingi ya jipsamu haibebi mtu. Ukiona waya uliotafunwa, shuka uzime umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuendelea. Kama umesikia mvumo wa nyuki au umeona gamba la nyoka, usipande kabisa.

Ushahidi mkubwa utakaoukuta ni kinyesi. Okota chembe moja kwa kijiti, iweke juu ya karatasi nyeupe, uibonyeze. Cha panya wa darini kina urefu wa karibu sentimita 1, kimechongoka ncha, na kikikauka huwa kigumu. Cha popo ni kidogo zaidi, na ukikibonyeza husagika kuwa unga. Ndani ya unga huo utaona vipande vya mbawa na magamba ya wadudu vinavyometameta kwenye mwanga wa tochi. Cha mjusi kafiri kina doa jeupe kwenye ncha moja. Ukikuta doa hilo, funga kazi ushuke, maana mjusi hana madhara na chakula chake ni wadudu wa nyumbani mwako.

Kinyesi cha kanu ni kinene kama cha paka, kimechanganyika na manyoya, na hurundikwa mahali pamoja. Bundi naye hutema vidonge vya manyoya vyenye ukubwa wa kidole gumba. Ukikipasua kimoja utakuta mifupa na mafuvu ya panya aliowala.

Bado hujajua anaingilia wapi. Jioni moja weka kiti uani, uelekee ukingo wa paa, ukae kuanzia jua linapozama mpaka giza liingie. Popo watatoka mmoja mmoja au kwa makundi, na utaliona tundu lao. Mara nyingi pembeni yake kuna doa la kahawia lenye mafuta, lililoachwa na miili yao. Rudia upande wa pili wa nyumba kesho yake. Kwa wanyama wa miguu minne, nyunyiza unga kidogo kwenye kipande cha ubao, ukiache darini usiku mmoja, asubuhi usome nyayo.

Panya

Panya wa darini ni mkweaji hodari. Hupanda mnazi, hupita juu ya waya wa umeme na kuingia kwenye pengo la ukingo wa paa. Mimba yake ni ya wiki tatu tu, hivyo ukichelewa miezi michache unakuwa na ukoo mzima. Meno yake ya mbele hayaachi kukua na humlazimu kutafuna kila siku. Waya wa umeme uliochunwa plastiki juu ya mbao kavu ni chanzo cha moto.

Magonjwa yake pia tunayajua. Wilayani Lushoto, tauni, ambayo huenezwa na viroboto wa panya, iliibuka mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Julai 2022, wagonjwa walipotokea wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, Wizara ya Afya ya Tanzania ilithibitisha kuwa ni leptospirosisi, iliyopewa jina la homa ya mgunda. Watu 3 walifariki. Ugonjwa huo huenezwa na mikojo ya wanyama, panya wakiwamo.

Silaha ya kwanza iwe mtego wa kubana. Uweke pale panya anapopita, yaani juu ya kenchi na kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, na uufunge kwa waya asiuburute. Kipande cha nazi iliyobanikwa, dagaa mkavu au siagi ya karanga humvuta vizuri. Panya huogopa kitu kigeni, kwa hiyo kwa siku tatu nne acha chambo juu ya mtego ambao hujautega. Akishazoea kula hapo, tega mingi kwa usiku mmoja. Kagua kila asubuhi, na mzoga uushike kwa glavu, uutie kwenye mfuko, uuzike.

Sumu niisemee waziwazi, kwa sababu ndiyo inayokimbiliwa. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda na humuua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo hufia ndani ya ukuta au chini ya silingi usipoweza kufika. Paka au bundi anayemla panya huyo naye hudhurika. Zile zinazouzwa mtaani katika vifuko visivyo na maandishi ni hatari kuliko zote, maana mtoto akizila daktari hatajua amtibu kwa kipi. Ikikulazimu kutumia sumu, nunua yenye lebo kwenye duka la pembejeo, iweke ndani ya kisanduku ambacho mkono wa mtoto haupenyi, na uhifadhi pakiti.

Popo

Popo wa majumbani ni wadogo na hula wadudu, wakiwamo waharibifu wa mazao. Usiwachanganye na popo wakubwa wa matunda, kama wale wa Pemba, ambao hulala mitini. Aina wanaopenda paa la bati hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 40, ndiyo maana dari linalotushinda sisi mchana kwao ni makao mazuri. Hawatafuni mbao wala waya. Ubaya wao ni kinyesi na mikojo, ambayo hunuka, hupinda silingi na kulisha kutu kwenye mabati.

Usimshike popo kwa mkono mtupu, hata akiwa amelala sakafuni. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa usoni na popo mdogo katika eneo la Tsavo Magharibi, Kenya, na akafariki kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa. Katika Milima ya Taita, watafiti wamekuta virusi vya Bombali, vya jamii ya ebola, ndani ya popo wa aina inayokaa kwenye mapaa. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Habari hizi zinatutaka tuwe na tahadhari, lakini popo anayeachwa darini bila kushikwa si tishio kubwa kwa waliolala chini yake.

Namna ya kuwatoa bila kuwaua ni hii:

1. Hakikisha hakuna watoto wasioweza kuruka. Popo wengi wa majumbani huzaa karibu na misimu ya mvua, kwa hiyo miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, hufaa zaidi pwani. Hata hivyo thibitisha: wakubwa wakishatoka usiku, sikiliza. Ukisikia milio ndani, watoto wapo. Subiri wiki kadhaa.
2. Ziba nyufa zote isipokuwa tundu moja au mawili wanayotumia sana. Ufa unaopitisha ncha ya kidole huwatosha.
3. Juu ya tundu lililobaki pigilia kipande cha wavu wa dirisha wa kuzuia mbu. Kifunge juu na pembeni, na chini ukiache wazi, kikining'inia karibu nusu mita chini ya tundu. Popo hushuka na kutoka kwa chini, lakini akirudi alfajiri hutua pale pale pa tundu na kukuta wavu.
4. Acha hivyo wiki nzima. Jioni ya mwisho kaa tena kwenye kiti chako. Asipotoka hata mmoja, ondoa wavu na uzibe usiku huo huo.

Moshi, mafuta ya taa na dawa ya kupuliza huwasogeza tu kwenye pembe za ndani, na wengine huangukia vyumbani, mahali hasa usipotaka wawe.

Komba, kanu na paka

Wote watatu huja kwa njia moja, nayo ni tawi lililolalia paa. Komba hulala mchana na kutoka jioni. Kanu, mwenye madoa mwilini na pete mkiani, huwinda usiku. Akiwa darini utakosa kuku, ingawa utapungukiwa na panya pia. Paka wa mtaa mara nyingi huwa amepanda kuzaa.

Subiri atoke jioni, kagua kwa tochi kama ameacha watoto, na kama hakuna, ziba kabla hajarudi. Kama wapo, wape wiki kadhaa. Wakianza kumfuata mama yao nje, kazi imekuwa nyepesi. Taa inayowaka usiku kucha darini huwaharakisha. Usimkabili mama mwenye watoto kwenye nafasi finyu, maana atauma.

Bundi

Bundi mwenye uso mweupe anayekaa kwenye mapaa amebebeshwa mzigo mkubwa wa hofu. Katika jamii zetu nyingi akilia juu ya nyumba watu husubiri msiba, na wengi humpiga mawe. Yeye yupo hapo kwa sababu ya panya. Pasua vidonge anavyotema uhesabu mafuvu, utaona kazi anayokufanyia kila usiku bila malipo. Makinda huruka yakifikisha takriban miezi miwili. Vumilia hadi hapo, kisha ziba tundu ikiwa huwezi kuishi naye. Unaweza kumpigilia sanduku la mbao mtini, mbali na chumba cha kulala, aendelee kuwinda uani.

Nyuki

Kundi lililoning'inia nje kwenye ukingo wa paa bila masega linaweza kuwa njiani tu. Mara nyingi huondoka lenyewe ndani ya siku chache. Walioingia ndani wakajenga masega hawaondoki. Mwite mfugaji wa nyuki, kwa sababu ana mavazi, bomba la moshi na mzinga wa kuwahamishia. Tanzania unaweza kuanzia kwa afisa nyuki wa wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Hakikisha masega yote yanatolewa, kwani asali ikibaki huyeyuka, hupenya silingi na kuita siafu na kundi jingine la nyuki.

Usiwachome moto, hasa chini ya makuti: utapoteza nyumba nzima. Wakikushambulia, kimbia mbali ukikinga uso, uingie ndani na ufunge mlango. Mwenye kuumwa mara nyingi, au anayevimba koo na kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja.

Nyoka

Nyoka hufuata panya, popo na mayai ya ndege. Wengi wanaokwea mapaa hawana sumu ya kumdhuru mtu, lakini koboko pia hukaa darini na huwa na desturi ya kurudi kwenye makao yake. Kutofautisha kwa tochi, kutoka kwenye ngazi, si kazi yako. Toa watu kwenye chumba hicho, funga mlango, mtu mmoja aendelee kutazama kwa mbali, na mwite mtaalamu. Watamu, Kenya, kwa mfano, watu wa shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, huitwa kuondoa nyoka majumbani. Kwingineko anza na afisa wanyamapori.

Akiuma mtu, mlaze, kifunge kiungo kwa banzi kisitikisike, mvue pete na bangili, na mkimbize hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, wala usipoteze muda kwa jiwe la nyoka.

Sheria inasemaje

Popo, komba, kanu, bundi na nyoka ni wanyamapori. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kabla ya kumkamata au kumuua mmoja wao, muulize afisa wanyamapori wa wilaya, au ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) kama uko Kenya.

Ziba kwa vitu vinavyodumu

Tundu linalopitisha kidole gumba linampitisha panya wa darini. Linalopitisha penseli linampitisha panya mdogo wa nyumbani. Tafuta pengo kati ya mawimbi ya bati na ukuta, chini ya kofia ya paa, mahali mabomba na nyaya zinapoingia, na ubao wa ukingo uliooza.

Tumia sementi, bati, au wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Povu la kuziba peke yake panya hulitafuna kwa usiku mmoja. Lishindilie na waya wa kusugulia sufuria. Acha njia za hewa, lakini uzifunike kwa wavu. Kata matawi yabaki mita 2 kutoka kwenye paa. Minazi iliyo karibu ivishe mkanda wa bati laini, upana wa sentimita 30 au zaidi, juu kuliko kimo cha mtu, na panya hataukwea. Paa la makuti halizibiki lote. Hapo weka nguvu kwenye dari lenyewe, kila ubao ukutane na ukuta bila ufa.

Safisha bila kutimua vumbi

Kinyesi kikavu cha popo na ndege huweza kubeba kuvu ambayo mtu huivuta kwa vumbi ikamuathiri mapafu. Kwa hiyo usifagie kikavu. Fungua njia za hewa, vaa barakoa nzito ya N95, glavu na miwani. Nyunyiza maji yenye dawa ya klorini, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 9 za maji, subiri robo saa, kisha zoa kwa koleo utie mifukoni. Silingi iliyolowa mikojo haiponi, ibadilishe. Kama unakinga maji ya mvua, safisha paa na mifereji, na maji ya mvua ya kwanza yaache yamwagike.

Aliyeumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote wa darini mwenye damu moto aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo na kueleza ni mnyama gani. Asingojee dalili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakina tiba, lakini chanjo ya mapema huokoa.

Kama bado unajenga

Wakati rahisi kuliko wote wa kuifanya kazi hii ni kabla silingi haijapigwa, fundi akiwa bado juu ya kenchi na ngazi ikiwa imeegeshwa. Mwagize azibe mawimbi ya bati pale yanapokutana na ukuta, aweke wavu wa chuma kwenye kila tundu la hewa, na aache mlango wa dari ambao mtu mzima anapita bila taabu. Akisema amemaliza, panda mwenyewe mchana wa jua kali, zima tochi, ungoje macho yazoee giza. Kila upenyo unaoingiza mwanga ni njia ya mnyama, isipokuwa ule wenye wavu. Muonyeshe mmoja mmoja, auzibe wote, ndipo umlipe fungu lake la mwisho.